Barua ya wazi: Abiria wa Mombasa mmewaandika kwa jina la Nairobi

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, kwa wakuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa magavana sita wa Jumuiya ya Kaunti za Pwani.

Waheshimiwa,

Mimi ni dereva wa watalii, mkazi wa Likoni. Tangu mwaka 1993 nimekuwa nikisimama pale wanapotokea abiria, Uwanja wa Ndege wa Moi, nikishika kibao chenye jina la mgeni. Zamani kibao kilikuwa cha kadibodi na wino wa kalamu nene. Siku hizi kijana wangu anaandika jina kwenye simu na kuiinua juu. Kushika kibao kumekuwa rahisi, ila ndege za kushikiwa kibao zimepungua.

Miaka ile, siku ya LTU, Condor au Britannia, hupati pa kuegesha. Mabasi ya hoteli za Diani na Nyali yamejipanga, wapagazi wanagombea mizigo, muuza kahawa chungu anapita na birika lake na kashata. Ndege hizo za kukodi tulizoea kuziita chata. Zilikuja na kaskazi kama majahazi ya wazee wetu, na kusi ikianza zikaondoka. Masika ikishika, hoteli zinafungwa ati zinapakwa rangi, wafanyakazi wanakwenda likizo isiyo na mshahara, na dereva kama mimi anatafuta matatu ya kushikia kwa siku mbili tatu ili watoto wale.

Naandika kwa sababu gumzo la ndege mpya za moja kwa moja kutoka mbali limeanza tena, na kila linapoanza nasikia swali lilelile: je, watalii watatosha kuijaza ndege? Mimi nina swali jingine. Sisi wenyewe mmetuhesabu?

Dada yangu mdogo anaishi karibu na Munich, mwaka wa ishirini sasa. Ameolewa huko, ana watoto wawili. Kila akiweza huja Mei, kwa sababu shule za Bavaria hufungwa wiki mbili za Pentekoste na nauli za kuja huku wakati huo huwa nafuu. Mwaka jana alitua Nairobi alfajiri. Akapita uhamiaji na watoto wamelala begani, akachukua mizigo, akaikokota hadi upande wa safari za ndani, akapanga foleni upya. Ndege ya kumleta Mombasa ikacheleweshwa, kisha ikafutwa. Shirika silitaji, maana jambo kama hili limewahi kumpata kila mtu wa Pwani ninayemjua. Mwishowe alipanda treni ya saa tisa alasiri, na usiku nikampokea Miritini, watoto wamenuna, mmoja kiatu kimepotea. Kutoka stesheni ya Miritini hadi uwanja wa ndege ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Dada yangu alipita anga ya dunia nzima, akaja kushushwa na reli karibu na njia ya ndege isiyokuwa na ndege ya kumleta.

Sasa tazameni vitabu vyenu. Katika vitabu hivyo, wale watu watatu ni abiria wa Nairobi. Walitua Nairobi, basi. Shirika la Ulaya likifungua kompyuta lipime kama Mombasa ina wateja, halitamwona dada yangu, kwa kuwa kipande cha mwisho alikinunua kwingine, na alichokisafiria hasa kilikuwa treni.

Hayuko peke yake. Mfanyabiashara wa Marikiti anayefuata bidhaa Guangzhou au Istanbul hupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Kijana wa Kisauni aliyepata kazi ya ulinzi Ghuba husafirishwa kwa basi na wenzake kumi. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa India, na nduguye wa kumshika mkono, huanza safari kwa treni. Mwanafunzi, mwenye mkwe Oslo, mwenye mama Leicester, bibi anayekwenda Umra na akiba ya miaka sita: wote hao wanaondoka Pwani, nanyi mnawaandika kwa jina la Nairobi. Halafu mnatuambia Mombasa haina abiria wa mwaka mzima.

Mnaweza kutuhesabu mkitaka, na hamhitaji mshauri wa kulipwa dola. Tangu Januari 2024 wageni wengi wanaoingia nchini hujaza ombi la idhini ya kusafiri kwenye mtandao, hulipa dola 30, na hueleza watalala wapi. Ina maana Serikali inajua ni wageni wangapi waliotua Nairobi huku kitanda chao kiko Diani, Watamu au Shanzu. Tiketi ya treni ya SGR haikatwi bila nambari ya kitambulisho au pasipoti. Uhamiaji wana pasipoti zetu zote na tarehe tulizogongewa mihuri. Unganisheni hizo hesabu tatu bila kutoa jina la mtu yeyote, kisha mzichapishe kwa mwezi: Januari wangapi, Mei wangapi, kutoka nchi gani. Karatasi hiyo moja ingemfikisha mkuu wa ratiba wa shirika lolote mbali kuliko picha za ufuo na ngamia tunazopeleka kila mwaka kwenye maonyesho ya utalii.

Nasisitiza Mei kwa sababu ndiyo inayoua safari. Ndege ya masafa marefu ina gharama hata ikiwa imeegeshwa. Injini ina mkopo wake, rubani ana mshahara wake. Shirika linaloweza kuijaza ndege yake Desemba mpaka Machi, kisha Aprili hadi Juni likarusha viti vitupu, litafanya hesabu na kuihamishia ndege kwingine, na likishaihamisha haliirudishi kwa sababu sisi tumesikitika. Watu wa kuijaza ndege mwezi wa Mei ni sisi wakazi na ndugu zetu walio nje.

Uwanja wenyewe hauna kasoro kubwa ya kumfukuza mtu. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,350. Uko kama mita 61 tu juu ya bahari, wakati ule wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600. Marubani wanajua maana yake: Nairobi hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupata nguvu kidogo, na ndege nzito hudai njia ndefu zaidi au ipunguziwe mzigo. Mombasa kuna joto, sikatai, lakini hewa ya pwani ni nzito na ndege iliyojaa mafuta ya kufika Ulaya huondoka kwa raha zaidi. Na mafuta hayo, jamani, yanashukia wapi? Kipevu. Meli inateremsha mafuta ya ndege karibu na uwanja wetu, kisha bomba linayasukuma kilomita mia nne na ushee kupanda Nairobi, na sisi tunayafuata huko kwa treni ili tuyapande.

Hili la masafa marefu kutua Pwani wala si geni. Mwaka 1937, ndege za majini za Imperial Airways zilizotoka Southampton kwenda Durban zilitua Kisumu, zikaja Mombasa, kisha Dar es Salaam na Lindi. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli Kilindini na alizoea kusimulia jinsi watu walivyokimbilia ufuoni kuona dude linalokunywa maji kama kiboko. Simulizi za babu huwa na chumvi. Ratiba za ndege zile, lakini, zimo katika historia.

Kilichobadilika zaidi, na ambacho nadhani mezani kwenu hakijapewa uzito wake, ni aina ya ndege. Zamani kutoka Ulaya hadi hapa kulihitaji ndege pana ya watu 250 au zaidi, na kuijaza mara nne kwa wiki ni kazi. Tangu Novemba 2024 kuna Airbus A321XLR inayobeba abiria, ndege nyembamba ya njia moja katikati, ambayo watengenezaji wake wanaipa uwezo wa kilomita 8,700. Frankfurt hadi Mombasa ni kama kilomita 6,700. Shirika la kwanza kuitumia, Iberia, liliiwekea viti 182. Viti 182, mara mbili au tatu kwa wiki, ni hesabu ambayo mji wetu unaweza kuizungumzia bila aibu. Ndege hizo bado ni chache na kila shirika linazigombea, ndiyo maana mji unaosubiri hadi zizagae utakuta zimeshapangiwa njia.

Tuje kwenye vibali, ambako ndiko fundo lilipo. Shirika la nje haliamki tu likaja kutua Mombasa. Kuna mkataba wa anga kati ya nchi mbili, unaotaja mashirika, idadi ya safari kwa wiki, na miji. Kilio cha wenye hoteli wa Pwani cha kutaka anga ifunguliwe ni cha miaka mingi, na hoja inayokizima ni ileile: tulinde shirika la taifa. Mimi nalipenda shirika la taifa. Nilifurahi liliporipoti faida ya mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 11. Lakini lina ndege pana tisa aina ya Dreamliner, na mwaka 2025 tatu kati ya hizo zilikaa chini kwa kukosa injini na vipuri. Shirika lenye shida ya kutimiza safari zake za Nairobi halina ndege ya kuileta Mombasa kutoka London wala Frankfurt, leo wala kesho. Basi mlango unafungwa ili kumwekea nafasi mtu ambaye mwenyewe amesema haji. Jirani hali, na sahani ameifunika.

Pale mlipofungua, tumeona. Qatar Airways ilianza kuja kutoka Doha Desemba 2018. Flydubai ikaja kutoka Dubai Januari 2024. Ethiopian ina miaka mingi hapa. Ndege hizi ndizo zimempunguzia mtu wa Pwani safari ya kupanda Nairobi, na sijasikia Nairobi ikifungwa kwa sababu hiyo. Na Julai 2021, shirika jipya la kundi la Lufthansa, wakati huo likiitwa Eurowings Discover, lilipofanya safari yake ya kwanza kabisa kutoka Frankfurt, lilikuja Mombasa na kuendelea Zanzibar. Lilikuwa na dunia nzima ya kuchagua. Ndege ile ilituonyesha pia namna ya kufanya: mji mmoja usipojaza ndege, miwili igawane. Nusu washuke Mombasa, nusu waendelee Unguja au Kilimanjaro. Mikataba yetu iandike hivyo waziwazi, kwamba Mombasa ni kituo kilicho huru kuunganishwa na mji wowote jirani, ili shirika lisilazimike kuja kubisha hodi wizarani kila msimu likiomba upya.

Nimetaja Unguja. Ndugu zetu wa ng'ambo ile walipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, wengi wao wakiteremka moja kwa moja Uwanja wa Abeid Amani Karume, kwenye jengo lao jipya la tatu. Watu husema Zanzibar ni rahisi. Si rahisi hata kidogo. Mgeni wa kawaida hulipa viza ya dola 50, na tangu Oktoba 2024 analipa bima ya lazima ya dola 44. Sisi tunatoza dola 30, na bado mgeni anakwenda kule. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba dawa ni kupunguza ada mlangoni. Mgeni mwenye saa tisa za kukaa angani hataki saa nyingine sita za foleni, akipewa nafasi ya kuzikwepa atalipa.

Upande wetu nao sitauficha. Tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi, hoteli ililipuliwa Kikambala, na makombora mawili yakarushwa kwa ndege ya Israel ilipokuwa inapaa kutoka hapa. Yalikosa, Mungu mkubwa. Mei 2014, baada ya Uingereza kuwaonya raia wake wasije Mombasa, kampuni kubwa ya watalii iliwarudisha wateja wake kwao na kusitisha ndege hadi mwisho wa Oktoba. Nilikuwa miongoni mwa madereva waliowapeleka wazee wale uwanjani. Mama mmoja Mwingereza aliniachia kofia yake na chupa ya mafuta ya jua, akalia, nami sikujua nimwambie nini. Baada ya hapo gari langu lilikaa chini ya mwembe miezi mitano.

Lakini Agosti ya mwaka huohuo dada yangu alikuja, kupitia Nairobi. Wenzake kadhaa wa Ujerumani walioolewa kutoka Mtwapa na Ukunda walikuja pia. Mtu anayekwenda kwao haulizi ubalozi kama aende kumwona mama yake. Safari ya ndege iliyotegemea watalii wa nchi moja ilianguka kwa siku mbili. Iwapo robo tu ya viti ingekuwa ya wenyeji na ndugu zao, ingeyumba, sikatai, ila pengine ingebaki angani.

Ndiyo maana ule mpango wa mwaka 2016, wa kuzisamehe ndege za kukodi ada za kutua na kuzilipa dola 30 kwa kila abiria, ulinifurahisha nusu. Uliwalipa watu waje, bila kuwauliza waje lini. Fedha za umma zikitoka tena, zitoke kwa masharti ya masika: Desemba shirika lilipe ada zote kama kawaida, maana Desemba lingekuja hata bila sisi, Aprili, Mei na Juni ndipo lisamehewe, na ruzuku iongezeke kila mwaka linaorudi. Aliyekuja kaskazi mbili akakimbia kusi zote asipate hata senti.

Magavana, hapa pana kazi yenu. Viwanja ni vya Serikali ya taifa, najua mtaniambia hivyo. Lakini mnaposafiri kwenda maonyesho ya Berlin mwezi wa Machi na ya London mwezi wa Novemba, mkiwa na ujumbe na vipeperushi, mnakwenda kumshawishi mtalii mmojammoja. Mashirika ya ndege yanashawishiwa kwa dhamana. Kaunti sita na wenye hoteli wakikubali kwa maandishi kubeba sehemu ya hasara ya viti vitupu vya Mei, kwa miaka mitatu na kwa kiwango kinachojulikana, mazungumzo yatabadilika sauti. Kwale wanajua faida yake. Tangu madaraja ya Dongo Kundu yafunguliwe, namtoa mgeni uwanjani hadi Diani bila kuiona feri. Kilifi, kwa upande mwingine, mna foleni ya Mtwapa, na Mwitaliano wa Watamu anayetua hapa kwa ndege ya Neos kutoka Milan anaweza kumaliza muda mrefu ndani yake kabla hajanusa bahari. Hilo mlisukume nanyi.

Neno moja la mizigo, kwa sababu tumbo la ndege nalo hulipa nauli. Embe za Pwani zina misimu miwili, na ule mdogo huangukia kati ya Mei na Julai, wakati hasa tunaolia viti vitupu. Kenya ilijizuia yenyewe kuuza embe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, ikarejea 2021. Sasa ngowe ya Kilifi inayotakiwa Ulaya bado hupandishwa lori hadi Nairobi, ikafike imechoka. Pweza wa Shimoni hali kadhalika. Ndege nyembamba haina tumbo kubwa, kwa hiyo hoja hii inazihusu zaidi ndege pana, lakini ghala la baridi lenye kutosha pale uwanjani, pamoja na mkaguzi wa mimea anayefanya kazi usiku ndege ikiwapo, ni kitu ambacho Mamlaka inaweza kukianza bila kusaini mkataba na nchi yoyote.

Ninachokiomba kwanza kabisa ni ile karatasi ya hesabu. Chapisheni abiria wetu kwa mwezi, kabla ya maonyesho ya Novemba. Vibali vifuate, na msamaha wa masika uwekwe kwenye bajeti ijayo. Mkiona hesabu ni ndogo, semeni ni ndogo, nami nitanyamaza na kurudi kwenye kahawa yangu.

Dada yangu ameshakata tiketi ya Mei ijayo, yeye na watoto. Inapitia Nairobi. Kaniuliza nitampokea wapi, nikamwambia aniambie atakapokuwa amefika Nairobi, maana sijui kama nisimame uwanjani au niende Miritini.

Wenu mtiifu,
Dereva wa watalii, Likoni